Hita imehamishiwa volti 400 sasa breka inatripu, tuanzie wapi?

Hii ni kwa wenye oveni za mkate, boila za hoteli, mashine za plastiki, hata wafinyanzi wenye tanuri za umeme, yaani yeyote mwenye hita ya elementi iliyokuwa inakula fezi moja ya 230 afu ikahamishiwa fezi mbili au tatu za 400. Malalamiko ni yaleyale kila siku: "fundi, ilikuwa inapiga kazi vizuri, tumeingiza umeme mkubwa tu ikaanza kutripu." Jibu la haraka la mtaani ni kwamba insulesheni haibebi 400, tupa, nunua nyingine. Kuna siku hilo ni kweli, ila mara nyingi elementi unayoitupa ni nzima tumboni na ugonjwa uko kwenye miguu yake, pale pini zinapotokea.

Kwanza tuelewane kilichomo ndani. Kwenye elementi ya bomba kuna koili ya nikromu katikati, imezungukwa na unga mweupe wa magnesia, afu bomba lote limebanwa kiwandani mpaka unga ukashindiliwa ukawa kama jiwe. Unga ukiwa mkavu unazuia umeme vizuri sana huku ukipitisha joto, ndo maana viwanda vyote vinautumia. Joto la kuuyeyusha ni kama nyuzi 2,800, nikromu yenyewe inayeyuka kwenye 1,400 hivi, kwahiyo koili itakufa zamani unga bado upo. Shida zake ni mbili tu: unanyonya unyevu wa hewani, na ukipata joto uwezo wake wa kuzuia umeme unashuka. Karibu kila dalili huko chini inatokea kwenye moja ya hizo mbili au zote kwa pamoja.

Sasa hiyo 400 yenyewe. Watu wanaisikia wanaogopa, ila 400 ni kati ya fezi na fezi. Kutoka fezi yoyote kwenda kwenye ethi bado ni 230 ileile. Unga uliopo kati ya koili na bomba haujawahi kuona 400, na bado hauioni. Vinavyobadilika ni vitu vitatu na hapa ndo pa kukaa vizuri.

Cha kwanza ni pini kwa pini, pale sasa kuna 400 kweli, kwahiyo nafasi kati ya terminali na uchafu uliokaa pale vinaanza kuwa na maana.

Cha pili ni mguu uliokuwa wa nyutro. Huu wengi hawaufikirii kabisa. Elementi ikiwa kwenye fezi moja, mguu mmoja una 230 na mwingine uko karibu na sifuri, sasa kama ule wa nyutro silikoni yake ilishapasuka na unga umelowa miaka mitatu hakuna atakayejua, maana hakuna volti ya kusukuma umeme kwenda kwenye bomba. Siku ukiiweka kati ya fezi na fezi, mguu huohuo unapewa 230 kwa ethi, na ugonjwa wa miaka yote unajitokeza dakika hiyo. Watu wanailaumu 400 kumbe ni unyevu wa zamani.

Cha tatu ni joto. Chukua elementi ya kilowati 3 ya 230, ukinzani wake ni kama omu 17.6. Iweke kwenye 400 moja kwa moja, inavuta ampea karibu 23 badala ya 13 na inatoa kilowati 9. Mara tatu! Bomba linakuwa jekundu, unga unapata joto ambalo haukupangiwa, insulesheni inashuka, na koili inazeeka kwa haraka. Ukiona mtu kaunga elementi za 230 kwa delta (kila elementi kati ya fezi na fezi) bila kuuliza, usianze hata kupima, rudisha stari kwanza (mguu mmoja wa kila elementi kwenye fezi yake, miguu mingine yote imeungwa pamoja). Kwenye stari kila elementi inapata 230 yake, na mguu wa pamoja unakaa karibu na sifuri, yaani elementi haijui hata kama imehamishwa.

Vipimo kabla ya yote

Multimita haitoshi hapa. Ile inapima kwa betri ya volti chache, elementi iliyolowa inaweza kukusomea vizuri kabisa. Unahitaji megga, yaani kipimo cha insulesheni kinachosukuma volti kubwa, na kwa mitambo mpaka volti 500 unapiga kwa 500 DC, ukivuka hapo ndo unaenda 1,000. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, fungua waya zote mbili kwenye elementi, toa thamostati za elektroniki na kontrola pembeni maana megga itaziua, afu pima pini kwa bomba. Usishike pini wakati unapima, na baada ya kupima acha megga ijishushe yenyewe.

Chini ya megaomu 1 ikiwa baridi, usiiwashe. Elementi mpya iliyokaa vizuri inasoma mamia ya mega na kuendelea. Ila namba peke yake haisemi yote, angalia na jinsi mshale au tarakimu zinavyotembea. Ikikaa kwenye sifuri bila kutikisika, hapo chuma kimegusa chuma, koili imekatika ikalalia bomba au terminali imegusa bodi. Ikianza chini afu inapanda polepole unavyoendelea kubonyeza, ni unyevu. Ikisoma vizuri baridi, iwashe kama inaruhusu, ifike joto la kazi, zima, fungua haraka upime ikiwa bado moto, hapo ndo utaona ukweli.

Kingine cha kujua, RCD (ile breka inayokata umeme ukivuja kwenda ethi) ya miliampea 30 inaweza kuruka kuanzia 15. Kwa 230 hiyo 30 maana yake ni ukinzani wa kama kiloomu 7.7 kwenda ethi. Angalia ilivyo mbali na mega 1. Kwahiyo elementi inayosoma mega 1 baridi na inatripu ikiwa moto, insulesheni yake imeporomoka zaidi ya mara mia njiani, sio jambo dogo.

Inatripu papo hapo ukiwasha

Kama megga inasoma sifuri, elementi imekufa, badilisha. Kama megga inasoma vizuri, acha elementi, nenda kwenye waya. Ukihamisha kutoka fezi moja kwenda tatu mara nyingi nyutro inasahaulika, mtu anaunga stari na nyutro anaichukua kwenye baa ya jirani ambayo haijapita kwenye RCD hiyo. RCD inaona umeme umetoka na haujarudi, inaruka, na hapo hata elementi mpya kutoka boksini itatripu. Hii nimeiona kwenye oveni ambayo walishabadilisha elementi zote sita.

Inakaa dakika tano, kumi, inatripu, ukirudisha mara kadhaa inatulia

Hii ni unyevu, wala usitafute mchawi. Hasa hita iliyokaa stoo, au oveni iliyozimwa mwezi mzima masika, na Dar au Tanga hewa yenyewe tu inatosha kuilowesha. Kinachotokea ni kwamba katikati ya bomba inapata moto kwanza, unyevu unakimbilia kwenye ncha ambako bado ni baridi, unajikusanya pale, na uvujaji unapanda kwa muda afu unashuka ukishatoka nje. Ndo maana inatripu sio mwanzo, inatripu ikianza kuchemka.

Dawa ni kuikausha, na sio kwa kuiwasha kwa nguvu huku breka imefungwa ubavuni na waya, jamani. Toa elementi, kwangua silikoni au plastiki ya ncha, iweke kwenye oveni nyingine ya nyuzi 120 mpaka 150 kwa masaa mengi, usiku mzima ni sawa. Kama huwezi kuitoa, unga mbili kwa mfululizo kwenye fezi moja ya 230, kila moja itapata nusu ya volti na robo tu ya nguvu yake, zitapata joto la kuridhisha bila kuungua, ziache hivyo huku unapima megga kila baada ya muda kwa kuzima kwanza. Namba ikipanda na ikatulia juu, tayari.

Halafu usiache ipoe uchi! Ikipoa inavuta hewa na unyevu tena kama sponji, kazi yote bure. Ikiwa bado na uvuguvugu, ziba.

Kuziba ndo kwenye utundu. Dukani utapewa silikoni nyekundu ya gasketi za injini kwa sababu imeandikwa inabeba joto. Fungua tyubu unuse, ikinuka siki achana nayo, ile inatoa asidi wakati inakauka na asidi hiyo inakula shaba na terminali, baada ya miezi utakuta kijani kijani na uvujaji mpya. Tafuta isiyo na harufu ya siki, ile wanayosema ni nyutro. Silikoni kwa kawaida ni mpaka nyuzi 200 hivi. Saruji ya kauri inabeba joto kubwa zaidi lakini inapumua, ina vitundu, unyevu unapita, kwahiyo kwenye ncha ya moto unaitumia ukijua kwamba kila ikikaa muda mrefu itahitaji kukaushwa. Epoksi inaziba vizuri sana dhidi ya maji ila joto lake ni dogo, inafaa boila ambako ncha ziko nje na zimepoa, kwenye oveni itaungua.

Inakubali vizuri, inatripu ikifika joto kubwa tu

Hapa kwanza hesabu wati. Pima ampea kwa klampu, linganisha na kibao cha elementi. Kama inavuta zaidi ya ilivyoandikwa, umeshapata jibu, unaipikia unga. Suluhisho ni stari, au kuunga mbili kwa mfululizo kwenye 400: kila moja inapata 200, ile ya kilowati 3 itatoa kama 2.27, jumla 4.5 kwa jozi. Umepoteza robo ya nguvu ila zitadumu sana. Masharti ni kwamba ziwe pacha, wati sawa. Ukichanganya ya kilowati 2 na ya 3 kwenye mfululizo ile ya kilowati 2 ndo inabeba volti nyingi, inapata kama 240, sio mwisho wa dunia ila tofauti ikiwa kubwa kuliko hapo ndogo inaungua.

Kwenye mashine za plastiki zenye hita za mkanda, kihami ni maika, sio unga. Maika nzuri inabeba joto hata nyuzi 500 na zaidi, ila plastiki iliyoyeyuka ikivuja kwenye nozo inaingia ndani ya mkanda, inaungua inakuwa kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Usijaribu kuisafisha. Badilisha mkanda na uzibe hiyo plastiki inayovuja la sivyo wiki ijayo uko hapohapo. Mkanda mpya ukitoa moshi kidogo mara ya kwanza usiogope, ni gundi ya maika inaungua, washa polepole.

Wenye tanuri za udongo, waya wenu uko wazi kwenye mifereji ya matofali. Tofali la moto likiwa baridi ni kihami, likivuka nyuzi elfu moja linaanza kupitisha umeme kiasi fulani, na hapo hakuna elementi mbovu, ni tabia ya tofali. Bodi ya tanuri lazima iwe na ethi nzuri, na kabla hujafungua mlango kuchungulia zima umeme wa waya zote kabisa.

Inatripu hata thamostati ikiwa imezima

Hii inawachanganya mafundi wazuri. Thamostati nyingi zinakata waya mmoja. Kwenye fezi moja ukikata fezi, elementi inabaki na nyutro tu, imelala. Kwenye fezi mbili ukikata moja, ile nyingine bado inaingia na koili nzima inasimama kwenye 230 kwa ethi kutoka ncha hadi ncha. Wakati imewaka katikati ya koili ilikuwa na 115 tu, sasa imezimwa na katikati ina 230! Kama kuna sehemu dhaifu pale, itavuja ikiwa "imezimwa". Na mbaya zaidi mtu anaosha oveni anaamini haina umeme. Weka kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili yake ndogo ya sumaku) inayokata fezi zote, thamostati iendeshe koili ya kontakta tu. Hili sio la kujadiliana.

Terminali nyeusi, kuna mistari kama mizizi kwenye kauri

Mistari ile ni njia ya kaboni, umeme umeshajichorea barabara juu ya kauri kati ya pini na pini au pini na bodi. Unga wa ngano, mafuta ya kukaangia, masizi, chumvi ya hewa ya baharini, vyote vinafanya hivyo, na kwa 400 inatokea haraka kuliko kwa 230. Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi, toa kauri weka nyingine, na ukiweza chukua ile ndefu au yenye mikunjo ili umeme uwe na safari ndefu zaidi juu yake. Waya za PVC mwisho ni nyuzi 70, pale terminali zitakauka zipasuke, tumia waya wa silikoni wa 180 au wenye soksi ya nyuzi za kioo, na karibu kabisa na moto tumia shanga za kauri. Kaza skurubu. Terminali iliyolegea inapata moto, moto unaunguza silikoni ya ncha, ncha inanyonya unyevu, na unarudi kwenye ile dalili ya unyevu.

Haitripu ila ukigusa bodi unapigwa

Ethi haipo. Imekatika au mtu ameitoa makusudi, na kuna mafundi wanatoa ethi ili "isitripu", halafu mteja anashukuru. Yaani umeme unaovuja umekosa njia unamsubiri mpishi mwenye mikono ya maji. Zima, rudisha ethi, ndo uanze kutafuta uvujaji. Kama mteja anakuambia "toa tu huo waya fundi, sisi tufanye kazi", kusanya vifaa vyako uondoke.

Kwa shawa za papo kwa papo zenye koili uchi ndani ya maji ni habari tofauti kidogo, maji ndo kihami, na maji ya kisima yenye chumvi yanapitisha umeme zaidi. Unasikia mchirizo ukishika koki. Kwa maji hayo nunua ile ya elementi iliyofunikwa, hakuna namna ya kuitengeneza hiyo nyingine ikawa salama.

Kila elementi ni nzima lakini breka inatripu

Vitu vya hita kihalali vinaruhusiwa kuvuja kidogo. Kiwango cha kimataifa kwa hita za kufungwa ukutani au sakafuni ni miliampea 0.75 kwa kila kilowati, mwisho 5. Weka oveni nne kubwa zinazovuja 5 kila moja nyuma ya RCD moja ya 30 na umeshafika 20, iko kwenye eneo la kuruka. Gawa, kila oveni na RCD yake. Usikimbilie kuweka ya miliampea 300 ukadhani umetibu, ile inazuia moto, haimlindi mtu.

Hita kwenye sola moja kwa moja

Siku hizi wapo wanaounga paneli kwa mfululizo zinatoa DC 300 na kitu wanapeleka kwenye elementi ya boila. Elementi inakubali, kwake joto ni joto. Kinachokufa ni thamostati. Imeandikwa ampea 16, 250 AC, na AC inapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde kwahiyo cheche ya kontakti inajizima, DC haipiti sifuri kabisa, cheche inabaki inawaka mpaka plastiki inayeyuka. Thamostati iwashe relei au kontakta ya DC yenye volti hizo zimeandikwa. Na paneli kwa kawaida hazina upande uliofungwa ethi, hivyo uvujaji wa kwanza hauonyeshi dalili yoyote, unakuja kushtuka wa pili ukitokea upande mwingine. Piga megga mara kwa mara, usisubiri breka ikuambie.

Ukiamua kuagiza elementi mpya ya 400

Usiseme tu "nataka ya kilowati 3". Sema volti 400 kati ya pini, kilowati 3, na ikija pima omu, iwe kama 53. Sema bomba nene kama nafasi ipo, maana bomba nene lina unga mwingi kuzunguka koili. Zile za katriji nyembamba za milimita 6 ambazo pini zote mbili zinatokea upande mmoja mara nyingi mwisho wake ni 240 au 250, usizilazimishe. Omba sehemu baridi ya mwisho iwe ndefu, yaani ile pini nene isiyotoa joto iingie ndani zaidi, ili silikoni ya ncha ikae nje ya ukuta wa oveni isipikwe. Uliza ilijaribiwa kwa volti ngapi kiwandani, wengi wanatumia mara mbili ya volti ya kazi ujumlishe 1,000, kwa 400 ni 1,800. Kipimo hicho usikirudie mwenyewe nyumbani, kinaua. Ila megga beba, pima pini kwa bomba palepale dukani kabla hujalipa.